BOMBA LA BWAWA: MAJI YAPITE, VIUMBE WASALIMIKE

Somo la familia na vikundi vya nyumba kwa nyumba



Katika toleo hili tunaendelea na masomo ya kazi za mikono. Familia nyingi hapa makazini, magharibi mwa Uganda, zimeanza kufuga samaki. Wengine walijifunza tangu Zaire, siku zile vijana wa Peace Corps kutoka Marekani walipokuwa wakizunguka vijijini kufundisha ufugaji wa tilapia, kabla hawajaondoka nchini mwaka 1991. Wengine wameanza juzi. Tunajua kuchimba, tunajua kulisha, lakini jambo moja tunalipuuza: bomba la kutolea maji. Somo hili laweza kusomwa katika kikundi, katika umoja wa akina mama, au baba na mama wakaketi na watoto wao jioni. Mwishoni mna maswali.

Lengo la somo: msomaji ajue kuliweka bomba la bwawa lipitishe maji wakati wote, lisiue vyura, kobe, ndege na viumbe wengine wa majini, wala lisimdhuru mtu anayelisafisha.

NIANZE NA KOSA LANGU

Kikundi chetu kina bwawa moja, urefu meta 20 na upana meta 10, chini ya mteremko karibu na kijito. Tulilichimba kwa majembe na matoroli ya kuazima. Samaki wadogo walipoanza kutoroka kupitia bomba, mimi niliyekuwa na zamu nilikata kipande cha gunia la mbolea, nikakifunga mdomoni mwa bomba kwa kamba ya mpira. Nikajiona nina akili. Wiki mbili hakuna samaki aliyetoka.

Kisha ikaja mvua ya usiku. Gunia lilikwisha kujaa matope na majani ya migomba, na maji hayakuwa na njia. Yakapanda hadi juu ya tuta, yakalichimba, na kabla ya alfajiri nusu ya bwawa ilikuwa imelala katika shamba la maharage la jirani yetu, mzee mwenyeji wa hapa. Mzee yule ndiye aliyetupa ruhusa ya kukatiza shambani mwake kwenda kijitoni. Tulikwenda kwake watu wanne, mchungaji akitangulia. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mimi niliwaachia ninyi njia. Ninyi maji mmeyafungia njia."

Tulimrudishia udongo kwa siku tatu, na baada ya mavuno tukampelekea maharage. Lakini kwa muda wote huo akina mama zetu walizunguka njia ndefu kwenda kuteka maji, kwa sababu waliona haya kupita kwake.

Hapo tukafanya kosa la pili. Kwa hofu ya kuziba, tuliondoa kila kitu, tukaacha bomba wazi kabisa. Baada ya miezi miwili maji yakaanza kupanda tena, na mvua kubwa haikuwepo. Tulipofungua kiwiko tukakuta kobe wa maji, mdogo wa ukubwa wa kiganja, amekwama kwenye kona na amekufa. Nyuma yake vyura, majani na kavera vilikuwa vimeshikamana kama kizibo cha chupa.

Tukaelewa kwamba tulikuwa tumetenganisha mambo mawili yasiyotengana. Bomba linalokamata viumbe ni bomba litakaloziba, na bomba lililozibwa ili viumbe wasipite ni bomba litakalovunja tuta. Dawa ya yote mawili ni moja, nayo ndiyo somo letu.

1. BOMBA LAFANYA KAZI GANI?

Katika mabwawa yetu mengi bomba kubwa la plastiki gumu, la inchi 4, limelala chini ya tuta na lina mteremko kidogo kuelekea nje. Ndani ya bwawa limeunganishwa na kiwiko, na juu ya kiwiko limesimama bomba la pili. Urefu wa bomba lililosimama ndio kina cha maji yako. Maji yakizidi, yanaingia mdomo wa juu na kutoka nje. Ukitaka kukausha bwawa, unaliinamisha bomba hilo taratibu. Kwa hiyo kiwiko hicho hakigandishwi kwa gundi. Kinapakwa mafuta mazito ili kigeuke, na bomba linafungwa kwenye mti uliochomekwa imara.

Ona basi kwamba bomba moja lina kazi mbili: kupunguza maji ya mvua kila siku, na kukausha bwawa siku ya mavuno. Likiziba, umepoteza zote mbili.

2. HESABU YA MVUA MOJA

Watoto wa shule wasaidie hapa. Bwawa la meta 20 kwa 10 lina eneo la meta za mraba 200. Mvua nzuri ya usiku yaweza kuleta milimeta 50. Maji yaliyoanguka juu ya bwawa peke yake ni meta 200 mara 0.05, yaani meta za ujazo 10, ambazo ni lita 10,000. Bwawa limepanda sentimeta 5.

Hilo ni dogo. Lakini kama hukuchimba mfereji wa kukinga maji ya mteremko, na mteremko wa meta za mraba 1,000 unamimina nusu ya maji yake bwawani, hayo ni lita 25,000 zaidi. Bwawa limepanda sentimeta 12 na nusu nyingine. Jumla ni sentimeta 17 na nusu kwa usiku mmoja. Tuta letu lilikuwa juu ya maji kwa sentimeta 30 tu. Mvua mbili za namna hiyo, bomba likiwa limeziba, zatosha kuyapitisha maji juu ya tuta. Na tuta la udongo likishapitiwa na maji juu, huwezi kulizuia kwa jembe usiku.

Kwa hiyo kabla hata ya bomba, chimba mfereji wa kukinga upande wa juu. Maji ya mteremko ndiyo yaletayo pia matope, majani na kavera.

3. KWA NINI VIUMBE WANAINGIA BOMBANI?

Hawaingii kwa ubaya. Chura hutafuta mahali penye giza na unyevu. Kobe wa maji na kambale hufuata maji yanayokwenda. Panya na nyoka hupenda tundu kavu wakati wa kiangazi, na mdomo wa nje wa bomba ni tundu zuri mno. Sisi tuliotoka Uvira, Baraka na Fizi, tuliokua tukimjua swila wa maji wa Ziwa Tanganyika, hatuhitaji kufundishwa kuheshimu tundu lenye giza karibu na maji.

Na bomba lililosimama wazi, hasa bwawa likiwa limekauka, ni mtego wa namna nyingine. Ukuta wake ni laini. Mjusi au ndege akitumbukia hana pa kushika, wala nafasi ya kufungua mabawa. Kule Nevada, Marekani, mabomba ya plastiki yaliyosimamishwa kama alama za mipaka ya machimbo ya madini yaliua ndege wadogo waliokuwa wakitafuta tundu la kuweka kiota. Sheria ya jimbo hilo ikakataza mabomba yaliyo wazi juu, na tangu mwaka 2011 inaruhusu kuyang'oa na kuyalaza chini palepale. Mabomba yetu ni machache, lakini chura wetu hana mabawa hata ya kujaribu.

Mtu atauliza: chura ana faida gani? Chura hula wadudu wa mashamba yetu. Kobe wa maji hula konokono na mizoga. Mdiria na fundichuma watakuibia samaki wachache, ni kweli, na fisi maji atakuibia zaidi. Lakini korongo taji, ndege aliye kwenye bendera ya nchi iliyotupokea, anaweka kiota katika majani ya vinamasi hivi hivi, na tangu mwaka 2012 anahesabiwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Uganda ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019, na kuua wanyama wanaolindwa ni kosa. Sisi wageni tusiwe watu wa kwanza kuletwa mbele ya mwenyekiti kwa jambo hilo.

4. KIZIMBA MDOMONI MWA BOMBA

Kosa la gunia langu halikuwa kuchuja. Lilikuwa kuchuja mahali padogo. Mdomo wa bomba la inchi 4 una eneo la sentimeta za mraba 81 tu. Jani moja la mgomba lafunika lote. Tena maji yote yanapita hapo kwa nguvu, na chura akikaribia anavutwa na kubanwa.

Dawa ni kupanua mahali pa kuchujia. Tengeneza kizimba cha sentimeta 30 kila upande, kikizunguka mdomo wa bomba. Kifunge kwenye bomba lenyewe, nusu kikiwa ndani ya maji na nusu juu ya maji. Sehemu iliyo majini, yaani pande nne na sakafu yake, ina eneo linalokaribia mara 33 ya mdomo wa bomba. Hata nusu ikifunikwa na majani, njia ya maji bado ni pana mara 16. Na kwa kuwa maji yanapita mahali papana, yanapita polepole. Chura anayegusa wavu anaweza kujiondoa mwenyewe. Na kwa kuwa kizimba kimefungwa kwenye bomba, siku ya kuinamisha bomba kitakwenda nalo.

Vifaa:
- Wavu mgumu wa chuma wa kutengenezea vizimba vya sungura, wenye matundu ya nusu inchi. Geuza ncha kali zikae ndani ya kizimba.
- Kama hakuna fedha, suka kwa fito za mianzi, ukiacha nafasi ya sentimeta moja kati ya fito na fito. Wazee wanaojua kusuka migono ya kuvulia samaki wataifanya kazi hii kwa siku moja. Lakini msiweke ule mdomo wa mgono unaoingiza na kutotoa! Hapa hatutegi.
- Au toboa matundu kwenye kipande cha bomba kilichozibwa juu. Kila tundu liwe na upana wa sentimeta moja. Matundu 103 hulingana na mdomo wa bomba la inchi 4, basi toboa 300 ili yakiziba mengine, mengine yabaki. Lainisha kingo kwa msasa.

Usitumie wavu mwembamba wa kuvulia samaki. Unalegea majini, na nyoka, kenge na ndege hunasa humo na kufa kwa mateso, kisha mzoga wenyewe unaziba. Usitumie gunia, wala chandarua tulichopewa cha kujikinga na mbu.

Kizimba kiwe na mfuniko wa wavu juu, unaofunguka kwa mkono. Watu wanaosahau mfuniko wanarudi kwenye mtego ule wa bomba lililo wazi.

Wengine husema, "Matundu ya nusu inchi yatapitisha vifaranga vya samaki." Kweli, vingine vitapita. Ukitaka kuvizuia, usipunguze matundu peke yake. Ongeza ukubwa wa kizimba kwanza. Tundu dogo linahitaji kizimba kikubwa na mtu wa kukipangusa kila siku.

5. MDOMO WA NJE

Mdomo wa nje nao usisahauliwe. Hapa kuna kanuni moja ya kukariri: wavu wa nje usiwe na matundu madogo kuliko wavu wa ndani. Ukikiuka, kila kilichopita ndani kitakamatwa nje, na uchafu utajazana katikati ya bomba, chini ya tuta, mahali usipofika kwa mkono wala kwa mti.

Njia iliyo nzuri kuliko wavu ni ulimi wa mpira. Kata kipande cha tyubu kuukuu ya gari, kikubwa kidogo kuliko mdomo wa bomba, ukifunge upande wa juu tu, kining'inie. Maji yakitoka yanakisukuma na kupita. Maji yakikoma kinarudi na kufunga, na panya au nyoka hapati mlango. Siku ya kukifunga, pitisha kwanza maji mengi bombani, ili usimfungie kiumbe aliyelala ndani.

Panga mawe chini ya mdomo huo ili maji yasichimbe shimo. Kama una kisima kidogo cha saruji cha kupokelea maji, weka ubao wenye vipingili au mawe ya mteremko kwenye kona moja. Chura na kobe walioingia watapanda na kutoka. Gharama yake ni sifuri.

6. KUSAFISHA BILA KUUMIA

Akina baba na vijana, someni sehemu hii mara mbili.

Maji yana uzito. Chini ya meta moja ya maji, kila sentimeta ya mraba inabeba gramu 100. Bomba la inchi 4 lililofunguka ghafula kwa kina hicho litavuta kiganja chako kwa uzito wa kilo 8. Hilo utaliweza. Lakini kalvati la barabarani lenye upana wa sentimeta 30 litamvuta mtu kwa kilo 70, na kwa kina cha meta mbili, kilo 140. Watu wenye nguvu hufa maji hivyo: ameingia kuzibua kwa mguu, kizibo kimeachia, maji yamemshika na kumkandamiza, na walio juu hawawezi kumvuta. Kwa mtoto, bomba dogo pia ni hatari. Basi:

- Mtu asiingie majini kuzibua bomba wakati maji yanavuta. Kwanza pandisha bomba lililosimama hadi mdomo uwe juu ya maji. Mvuto ukikoma, ndipo ukipanguse kizimba.
- Tumia mti mrefu wenye ncha ya reki, ukisimama juu ya tuta. Mkono usiingie bombani hata siku moja, kwa sababu ya maji na kwa sababu ya nyoka.
- Fanyeni wawili. Mmoja afanye, mwingine atazame. Watoto wakae mbali.
- Kama uchafu uko katikati, sukuma kutoka mdomo wa nje kwa bomba dogo la plastiki linalopinda au mwanzi mrefu. Simama kando ya mdomo, usisimame mbele yake.
- Usimwage petroli, dawa ya wadudu, sabuni kali wala chokaa ndani ya bomba, wala usiwashe moto. Maji hayo yanakwenda kijitoni. Kuna mama huko chini ameshika ndoo.
- Fanya kazi asubuhi na mapema. Konokono wa majini hubeba kichocho, na vijidudu vyake vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi kuelekea saa sita mchana. Vaa buti. Aliyelazimika kuingia majini ajifute mara moja, na akiona damu chooni au tumbo likimsumbua, aende kituo cha afya. Dawa ipo.

Ishara moja ya hatari: ukiona maji yanatoka kandokando ya bomba, wala si ndani yake, chunguza rangi yake. Yakiwa na matope, udongo wa tuta unaliwa kutoka ndani. Huenda kaa au panya wametoboa njia. Usingoje kesho. Punguza maji ya bwawa siku hiyo hiyo, waambie majirani wa chini, kisha fukua mahali hapo na kushindilia udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka.

7. SIKU YA KUKAUSHA BWAWA

Tunapenda kukausha kwa haraka kwa sababu wanunuzi wanangoja. Lakini maji yakishuka ghafula, kingo zilizolowa huporomoka, na viumbe hubaki wamekwama matopeni. Anza siku mbili au tatu kabla. Inamisha bomba kidogo kidogo, sentimeta 15 hivi kila mara, ungoje maji yatulie ndipo uinamishe tena. Hivyo kobe na vyura wanapata muda wa kuhama wenyewe.

Katika kona iliyo chini kuliko zote, chimba kidimbwi kidogo kitakachobaki na maji. Siku ya mwisho, wape watoto wakubwa kikapu na kazi ya kubeba vyura na kobe walioachwa, wakawaweke katika majani mabichi ya kijitoni au katika kidimbwi hicho. Kobe ashikwe pande zote mbili za gamba, kwa maana anakwaruza na kutoa harufu. Nyoka wasiguswe. Waachieni njia, wataondoka. Watoto wetu waliifurahia kazi hiyo kuliko samaki wenyewe.

Bwawa likiwa kavu, kagua kiwiko, badilisha mafuta mazito, toa matope bombani, na funika mdomo uliosimama hadi maji yarudi.

8. RATIBA YA MWAKA

Huku kwetu mvua kubwa huja mara mbili, kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Basi:

Februari na Agosti: kagua bomba lote, kizimba, ulimi wa mpira, mfereji wa kukinga na urefu wa tuta.
Miezi ya mvua: pangusa kizimba kila asubuhi, na tena jioni ukiona mawingu. Ni kazi ya dakika tano.
Miezi ya kiangazi: pangusa mara mbili kwa wiki, na tazama mdomo wa nje kama una mgeni.
Kila mwezi: fyeka nyasi juu ya tuta, maana mizizi mikubwa na mashimo hujificha humo. Lakini upande mmoja wa bwawa, ulio mbali na bomba, acha majani yasimame kwa ajili ya ndege na vyura.

Zamu ziandikwe kwa majina. Sisi tuliandika "kikundi kitaangalia", na usiku wa mvua ile kila mtu alidhani mwenzake ameangalia.

9. SHIMO NI LA NANI?

Katika sheria aliyopewa Musa kuna jambo dogo ambalo wengi tunalipita haraka. Kutoka sura ya 21, mstari wa 33 na 34, inamzungumzia mtu aliyefungua shimo bila kulifunika, na mnyama wa mwingine akatumbukia. Haimwulizi kama alikusudia. Shimo ni lake, hasara ni yake, naye hulipa. Na Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari kabla mtu hajaanguka, si baada yake.

Niliposoma maneno hayo baada ya msiba wa maharage, nilitambua kwamba bomba letu ni shimo tulilolifungua katika nchi ya wenyewe. Sisi tulifika hapa mikono mitupu, tukapewa mahali pa kulima. Chura hakutuomba tuchimbe. Jirani hakutuomba tufuge samaki. Kama tumefungua, tufunike vema.

Tulipomaliza kizimba kipya, tulimwita yule mzee aje akione. Alikizunguka, akauliza matundu ni makubwa kiasi gani, akainamisha bomba kwa mkono wake kuona kama linageuka. Hakusema mengi. Juma lililofuata mjukuu wake alikuja kuuliza kama babu anaweza kupata kipimo cha kizimba, kwa sababu naye anafikiri kuchimba bwawa. Akina mama wanapita tena shambani mwake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Bwawa lako au la kikundi chako lina urefu na upana gani? Mvua ya milimeta 50 italeta lita ngapi?
2. Nani yuko chini ya bwawa lako? Taja familia kwa majina. Je, wanajua mahali maji yatakapopita bomba likishindwa?
3. Kwa nini kipande kidogo cha wavu kinaua viumbe na kuziba haraka kuliko kizimba kikubwa?
4. Mtoto wako akikuta kobe kwenye kizimba, afanye nini? Asifanye nini?
5. Zaidi ya bwawa, ni shimo gani jingine hapa kwetu lililofunguliwa bila kufunikwa: choo cha zamani, shimo la taka, shimo la matofali? Nani atalifunika, na lini?

Kabla ya kuchimba bwawa jipya karibu na kinamasi, uliza kwanza ofisi ya makazi na afisa wa uvuvi wa wilaya. Anayetaka kuona kizimba chetu na kujifunza kukisuka kwa mianzi, aje bwawani Jumamosi asubuhi baada ya maombi. Aje na kisu na fito zake.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Ndugu yenu katika kamati ya mabwawa